Sumaku ya spika na chuma kinachogoma kutanuka

Kijana anayenunua chuma chakavu nyuma ya soko la Mwanjelwa ana mizani ya kuning'iniza, viroba, na sumaku. Sumaku yenyewe ni lile duara jeusi la kwenye spika iliyokufa. Amelifunga kamba ya katani na kulivaa shingoni kama kitambulisho cha kazi. Ukimletea sinki bovu la stenlesi haulizi limetoka wapi. Anasogeza sumaku. Ikishika, sinki linarushwa kwenye lundo la kawaida. Isiposhika, linawekwa pembeni kwa heshima, maana bei yake ni nyingine.

Hatua chache kutoka hapo kuna karakana ya kuchomelea. Asubuhi moja ya Julai, ile baridi ya Mbeya inayomfanya mtu aongee huku mikono iko kwapani, nilimkuta fundi akihangaika na meza ya jikoni aliyoagizwa na mama mmoja mwenye mgahawa. Bati la juu lilikuwa limejikunja kama chapati iliyosahaulika kwenye kikaango.

"Mwalimu, hii isiyoshika sumaku ina kiburi," aliniambia bila kuinua kichwa. "Ukiigusa na moto tu, inageuka mashua. Ile inayoshika ina adabu kidogo."

Nilicheka, nikaondoka, na kile kicheko kikanikaa vibaya hadi jioni. Nimefundisha fizikia miaka mingi. Sumaku nimeifundisha kwenye sura yake, na kutanuka kwa vitu vigumu nimefundisha kwenye sura yake, miezi mingi katikati. Sikuwahi hata mara moja kumwambia mwanafunzi kwamba sura hizo mbili zinajuana. Fundi aliyejifunzia kazi mikononi mwa mjomba wake alikuwa amenitangulia.

Tarakimu ziko upande wake. Stenlesi ya kawaida isiyoshika sumaku, ile yenye kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 8, hutanuka karibu mikroni 17 kwa kila mita na kila nyuzi moja ya joto. (Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita.) Stenlesi inayoshika, isiyo na nikeli, hutanuka mikroni 10 au 11 tu. Chuma cha kawaida kiko kwenye 12. Nisimpe fundi ushindi wa bure, lakini: stenlesi isiyoshika pia husafirisha joto taratibu, hivyo moto hujikusanya sehemu moja na kulivuta bati, na atomu zake zimepangwa kwa namna tofauti na zile za chuma cha kawaida. Sumaku si sababu pekee. Ila kuna aloi moja, yaani metali zilizoyeyushwa pamoja, ya chuma na nikeli ambayo ndani yake sumaku ndiyo inayoshika usukani, na hiyo ndiyo iliyonifanya niandike.

Mwaka 1895 kulikuwa na shida ya kiofisi huko Sèvres, nje kidogo ya Paris, kwenye ofisi ya kimataifa ya vipimo. Mita ya mfano ya dunia ilikuwa fimbo ya platina na iridi, metali ambazo nchi maskini haziwezi kununua hata kwa mkopo. Walitafuta chuma cha bei nafuu cha kutengenezea nakala. Mkurugenzi wa ofisi hiyo, J. R. Benoît, alipima fimbo ya chuma yenye nikeli asilimia 22 na kromiamu asilimia 3. Haikushika sumaku, na ilitanuka kama shaba nyeupe, mno kuliko chuma na mno kuliko nikeli. Mwaka uliofuata Charles Édouard Guillaume, Mswisi aliyezaliwa kwenye familia ya mafundi saa, alipata fimbo ya nikeli asilimia 30 hivi iliyotanuka kidogo kuliko hata platina. Akabadilisha viwango vya nikeli hatua kwa hatua hadi akafika 36. Pale aloi ilikuwa karibu imegoma kabisa: mikroni 1.2 tu, sehemu moja ya kumi ya chuma. Akaiita invari, kwa maana ya isiyobadilika. Mwaka 1920 alipewa tuzo ya Nobel ya fizikia.

Angalia vizuri hizo fimbo mbili. Zote ni chuma na nikeli. Zote zina mpangilio uleule wa atomu, mchemraba wenye atomu kwenye kila kona na katikati ya kila uso. Moja haishiki sumaku na inatanuka kupita kiasi. Nyingine inashika na inakaa kimya. Hapa huwezi tena kusingizia mpangilio.

Sasa chukua pasi ya umeme iliyokufa. Ukiifungua, karibu na kile kitufe cha kuchagua joto utakuta ubati mwembamba unaojipinda pasi ikipata moto na kukata umeme. Ni metali mbili zilizobanwa kuwa moja. Mojawapo ya aina zinazotumika sana duniani kwa kazi hiyo ina upande mmoja wa nikeli 36, na upande mwingine wa nikeli 22 na kromiamu 3. Ndiyo: fimbo ya Benoît na fimbo ya Guillaume zimegandishwa mgongo kwa mgongo, na ugomvi wao ndio unaozuia kitenge chako kisiungue.

Kwa nini sumaku iwe na neno kwenye urefu wa chuma?

Tuanze na moto peke yake. Atomu kwenye metali hazitulii, kila moja hutikisika mahali pake. Zikisogeleana mno husukumana kwa nguvu nyingi, zikiachana kidogo huvutana kwa nguvu hafifu. Kwa hiyo mtikisiko hauko sawa pande zote, kwenda nje ni rahisi kuliko kuingia ndani. Ukiongeza moto mtikisiko unakua, na wastani wa nafasi kati ya atomu na jirani yake unakua nao. Kila metali inalo hilo, na vitabu vyetu vinaishia hapo.

Halafu kuna elektroni. Kila elektroni ni kisumaku kidogo sana. Kwenye shaba nyekundu au alumini visumaku hivyo hukaa wawili wawili wakiangaliana vichwa chini, vichwa juu, na nguvu zao zinafutana. Kwenye chuma baadhi hubaki bila mwenzi na hujipanga kuelekea upande mmoja. Kujipanga huko kuna gharama. Elektroni zinazoelekea upande mmoja haziruhusiwi kukaa ngazi moja ya nishati, kwa hiyo nyingine hulazimika kupanda ngazi za juu, zenye mwendo mkali. Na ngazi hizo hushuka bei kila nafasi inapoongezeka. Chuma kikitaka kuwa sumaku kwa nafuu, dawa ni kuvimba. Atomu zinaachana kidogo ili elektroni zipate pa kupandia.

Yaani usumaku wenyewe unachukua nafasi. Kwenye invari iliyopoozwa hadi baridi ya mwisho, uvimbe huo unafika karibu asilimia 2 ya ujazo wote. Ukisikia asilimia 2 usibeze, kwa metali ngumu hiyo ni nyingi mno.

Sasa washa jiko. Moto unatikisa atomu na kuzisukuma mbali. Moto uleule unavuruga safu za visumaku, kila kimoja kinaanza kuangalia kwake. Usumaku ukipungua, sababu ya kuvimba inapungua, na metali inanywea. Mkono mmoja unavuta nje, mwingine unarudisha ndani. Kwenye nikeli asilimia 36 mikono hiyo inakaribia kulingana, kuanzia baridi ya Kitulo hadi joto la sufuria linalochemka.

Mbona chuma kitupu hakifanyi hivyo? Kwa sababu kinashikilia usumaku wake kwa ubishi. Hadi nyuzi 770 ndipo kinaupoteza wote, na katika joto tunaloishi nalo kinapoteza kiasi kidogo tu. Wahunzi wanalijua hilo: kisu kikiwa kwenye makaa, wengine hukigusa na sumaku, na isiposhika wanajua kimefika mahali pa kuzamishwa. Invari haina ubishi huo. Usumaku wake unaanza kulegea mapema, na kati ya nyuzi 230 na 280, kutegemea mchanganyiko, umekwisha. Kuanzia hapo haina tena cha kurudisha, inatanuka kama wenzake. Ndiyo sababu ubati wa invari unafaa kwa pasi, ambayo inaishia karibu nyuzi 200, lakini haufai kwa tanuri la kuchomea vyungu. Mipaka ya kifaa imewekwa na sumaku, na aliyekinunua hana habari.

Hapa nina ugomvi na namna tunavyofundisha. Tarakimu 1.2 ukiiona kwenye jedwali unasema, chuma hiki hakifanyi kitu. Ni sawa na mtu anayefungua daftari la duka la mangi, anaona mwezi umefungwa na salio la shilingi elfu mbili, anasema hakukuwa na biashara. Kumbe ameuza kwa laki nne na kulipa laki nne. Daftari limejaa, salio ndilo dogo. Jedwali la kutanuka ni orodha ya masalio, na sisi tunawakaririsha watoto masalio bila kuwaonyesha daftari. Swali la mtihani linakuja: kwa nini pameachwa nafasi kati ya kipande kimoja cha reli na kingine? Jibu la kukariri: kwa sababu vyuma hutanuka vikipata joto. Alama mbili, songa mbele.

Reli zenyewe tunazo. Tazara, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, inakatiza nyanda zetu kupitia Makambako na Mbeya kwenda Tunduma hadi Kapiri Mposhi, na pale zilipo sehemu zenye viungo unasikia magurudumu yakihesabu nafasi hizo usiku kucha. Kipande cha mita 12 kikitoka nyuzi 8 za alfajiri hadi 45 za jua la mchana hurefuka milimita 5 na kitu. Kama kingekuwa invari kingerefuka nusu milimita. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza mbona basi tusijenge reli za invari. Nilimjibu kwamba nikeli ni ghali na invari ni laini, gurudumu la mabehewa lingeitafuna. Jibu sahihi, lakini la kumfukuza mtoto. Swali bora lilikuwa kumrudishia: unadhani ndani ya hizo milimita 5 kuna nini?

Hata wenye maabara kubwa hawakulijibu haraka. Mwaka 1963 mwanafizikia R. J. Weiss alipendekeza kwamba chuma kwenye aloi hii kina hali mbili: moja yenye usumaku mwingi na ujazo mkubwa, nyingine yenye usumaku kidogo na ujazo mdogo, na moto unazihamisha atomu kutoka ya kwanza kwenda ya pili. Wazo zuri, rahisi kuchora ubaoni, ila vipimo vya baadaye havikuona atomu zikiruka hivyo kwa mtindo wa ama hiki ama kile. Mwaka 1999 ikaja hesabu ya kompyuta iliyosema visumaku havihitaji kuruka, vinapinda pembe kidogo kidogo kadiri ujazo unavyopungua. Mabishano yakaendelea.

Kipimo ninachokipenda mimi kilitoka 2023, kwenye kundi la watafiti la Brent Fultz wa chuo kikuu cha Caltech, Marekani. Kwa akili za kawaida ungepasha joto na kupima urefu. Wao walibana. Kuna kanuni ya zamani kwenye fizikia ya joto: kiasi ambacho kitu kitatanuka kikipashwa joto kinalingana na kiasi ambacho vurugu ya ndani yake itapungua kikibanwa. Vurugu hiyo wataalamu huiita entropia. Basi wakachukua kichembe cha invari, wakakiweka kati ya ncha mbili za almasi kwenye maabara ya Argonne, karibu na Chicago, wakakipiga mionzi ya eksi huku wakiongeza mgandamizo. Kwa mbinu hiyo walipima vurugu ya mitikisiko peke yake na vurugu ya usumaku peke yake. Mapato na matumizi, kila kimoja kwenye safu yake. Zikaonekana zinafutana karibu kabisa, na si kwa bahati ya nukta moja: mgandamizo ulipoongezeka, pande zote mbili zilibadilika pamoja na kuendelea kufutana, hadi usumaku ulipoisha. Ilikuwa miaka 127 tangu Guillaume apime fimbo yake.

Na sisi huku tuna kipande cha darasa ambacho hakuna shule ya Sèvres inayo. Kimondo cha Mbozi kiko kwenye kilima cha Marengi, si mbali na Vwawa, eneo ambalo tangu 2016 liko mkoa wa Songwe. Urefu wake ni kama mita 3, uzito unakadiriwa tani 16. Wenyeji walikijua kabla, kwenye maandishi kiliingia 1930 kupitia mpima ardhi aliyeitwa W. H. Nott. (Wapima ardhi, kwa njia, ndio waliokuwa wateja wazuri wa invari miaka hiyo. Utepe wa chuma uliopimia alfajiri na mchana ulikuwa unakupa viwanja viwili tofauti.) Kimondo hicho ni chuma karibu asilimia 90 na nikeli zaidi ya 8. Ni aloi ileile ya mjadala wetu, iliyopikwa bila binadamu.

Nikeli 8 haitoshi kukifanya kigome. Kikipigwa na jua la Oktoba, Kimondo kinatanuka karibu kama reli ya Tazara. Lakini vimondo vya chuma vya aina hii vilipoa taratibu mno, kwa mamilioni ya miaka, na katika upole huo nikeli ilipata muda wa kuhama. Ndani kuna tabaka nene zenye nikeli kidogo, na katikati yake tabaka nyembamba zilizojaa nikeli, zinazofika hadi nusu kwa nusu pembezoni. Ukipita kutoka ukingo wa tabaka hizo kwenda katikati yake, kiwango cha nikeli kinashuka, na mahali fulani kinapita kwenye 36. Siyo invari ya kiwandani, kwa sababu upoaji huo mrefu uliendelea kuichambua kwenye punje ndogo zaidi. Ila mchanganyiko aliousaka Guillaume kwa fimbo baada ya fimbo, anga iliupitia bila haraka.

Nimekwenda pale na wanafunzi zaidi ya mara moja. Tunapiga picha, mtoto mmoja anagonga kwa jiwe asikie mlio, mwongozaji anaeleza tani na mita, tunapanda gari. Hakuna aliyebeba sumaku, na mimi mwenyewe nikiwemo. Safari ya mwisho nililipeleka darasa zima kwenye kipande kikubwa kabisa cha chuma na nikeli nchini na tukarudi tumejifunza uzito wake.

Najua kuna msomaji ambaye tayari anaandika: Liganga ya Ludewa ina chuma, tena madini yake yenyewe yanavuta sumaku, na Kabanga kule Ngara kuna nikeli, tujenge kiwanda cha invari. Taratibu, ndugu yangu. Soko la invari ni dogo na lina wenyewe. Hata kwenye meli za gesi asilia iliyopoozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri, ambako hutumika mabati yake ya unene wa milimita 0.7 kutandika matangi ili yasipasuke kwa kunywea, wanunuzi ni wa kuhesabu. Kiwanda nakiacha. Mimi nadai sumaku moja na pasi moja mbovu kwa kila darasa. Mpira na pete ya shaba, jaribio la kutanuka tunalolirudia tangu enzi za walimu wetu, linaonyesha salio tu.

Wiki iliyopita nilirudi Mwanjelwa na ubati niliouchomoa kwenye pasi yangu mwenyewe, iliyonitoka baada ya miaka tisa. Nilimwomba yule kijana wa chuma chakavu sumaku yake. Ikashika. "Chuma," alisema, na alikuwa ameshanyoosha mkono kuelekea lundo la kawaida. Nikamwambia subiri. Mama wa mahindi ya kuchoma alikuwa na jiko limekolea, nikaushika ubati kwa koleo na kuuweka juu ya makaa. Ukajipinda haraka kama kucha, kisha mwendo wa kujipinda ukapungua japo moto ulizidi. Nikautoa, nikausogezea sumaku. Haukushika. Kijana akaichukua sumaku mwenyewe, akajaribu upande wa pili, akajaribu kwenye ncha. Hakuna. Fundi wa stenlesi alikuwa amekuja kusimama nyuma yetu na miwani yake ya kuchomelea kichwani.

Tukakaa hivyo labda nusu dakika, ubati ukipoa na kujinyoosha taratibu. Halafu, tik, ukaruka na kuganda kwenye sumaku.

Kijana aliutazama, akautazama mlundo wa kushoto, akautazama wa kulia.

"Sasa mwalimu," aliuliza, "hii naiweka wapi?"